Jinsi ya Kununua Monita ya Kamera na Bado Ukabaki na Nauli ya Kurudi Handeni

Mwembe ulitoka vizuri sana. Kila jani lilihesabika, na kunguru aliyetua kwenye tawi la pili alionekana hadi mboni za macho. Bibi harusi, aliyesimama mbele ya mwembe huo saa saba mchana pale Chanika, Handeni, alitoka kama mtu anayetazamwa na mzee mwenye mtoto wa jicho.

Aliyegundua ni shangazi yake. Tulikuwa sebuleni kwao wiki mbili baada ya harusi, televisheni imewashwa, soda zimefunguliwa, ukoo umekaa mkekani. Shangazi alitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa ule upole unaotisha kuliko ukali: "Mwanangu, hivi aliyeolewa ni mwembe?"

Nilijitetea. Nilisema jua lilikuwa kali na kioo cha nyuma ya kamera yangu kina inchi tatu tu. Kwa mwanga ule kiligeuka kioo cha kunyolea ndevu, nikawa naona paji la uso wangu badala ya bibi harusi. Shangazi hakuwa na haja na inchi. Salio la malipo halijatoka hadi leo. Nikaapa kununua monita.

Yanayofuata ni mafunzo niliyoyapata kwa kununua vibaya, kati ya Korogwe na Handeni, kwa fedha za harusi, vipaimara na maulidi. Nimeyapanga kwa hatua ili kijana anayeanza asihangaike kubuni makosa yake mwenyewe. Haya yangu yameshajaribiwa na yanafanya kazi.

Hatua ya kwanza: Nunua monita kubwa kuliko kamera

Monita ya kamera, kwa asiyeijua, ni televisheni ndogo inayokaa juu ya kamera na kukuonyesha kile lenzi inachokiona. Inapokea picha kwa waya wa HDMI na inakula betri yake yenyewe. Za bei nafuu, kama zile za Feelworld, Lilliput, Andycine na Desview, nyingi ni za inchi 5, 5.5 au 7. Mtu makini angechukua ya 5. Wewe chukua ya 7.

Unafanya hivyo kwa ajili ya heshima. Kwenye shughuli zetu kamera ndogo haina cheo: watoto wanaisukuma, MC anasimama mbele yake, na mjomba wa bwana harusi anakuuliza mpiga video atafika saa ngapi. Weka inchi saba juu yake uone. Watu watakupisha kama gari la wagonjwa. Ukiwa unapiga filamu na si harusi, heshima hiyo itafika hadi ofisini, na utaulizwa kibali cha Bodi ya Filamu kabla hujafungua traipodi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, haikuja jana, kwa hiyo usiseme hukuambiwa.

Uzito usiufikirie. Monita ya inchi 7 pamoja na betri kubwa inakaribia kilo nzima, na kile kijireli cha juu ya kamera kilitengenezwa kubeba flashi. Saa ya kwanza kitavumilia. Saa ya pili monita itaanza kuinama polepole, kama mzee anayesinzia msibani. Wakati wa kukata keki utakuwa unatazama picha huku umepinda shingo, na wageni watadhani umeguswa na hotuba ya baba mzazi. Ukiifunga kwenye gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera, mota zake zitatetemeka kidogo, zitalia, kisha zitalala.

Hatua ya pili: Amini boksi

Boksi limeandikwa "4K" kwa herufi za dhahabu. Maana yake ni kwamba monita inapokea mawimbi ya 4K kutoka kwenye kamera. Kioo chenyewe, kwa monita nyingi za daraja hili, ni nukta 1920 kwa 1080, na zile za bei ya chini kabisa hazifiki hapo. Ni sawa na gesti iliyoandika mlangoni "tunapokea wageni kutoka Ulaya". Haina maana kwamba bafuni kuna maji ya moto.

Namba nyingine ipo pembeni, imeandikwa kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo. Hiyo ndiyo ya kuruka. Ni niti, kipimo cha mwanga unaotoka kwenye kioo. Niti moja ni kama mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Monita nyingi za bei nafuu zina niti 400 hadi 500. Ndani ya ukumbi zinatosha na chenji inabaki. Zitoe nje, saa saba, Handeni, ambako hata mbuzi wameingia uvunguni mwa gari: mishumaa mia nne imetumwa kupigana na jua. Utarudi palepale kwenye paji lako la uso, safari hii likiwa kubwa zaidi kwa sababu ulinunua inchi saba.

Anayepiga nje sana anahitaji niti 1,000 kwenda juu. Zipo. Atomos Shinobi ya inchi 5 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 399 ikiwa na niti 1,000, na Feelworld LUT7 inatangazwa kwa niti 2,200. Mwanga huo nao una gharama yake, maana kioo kinapata joto na betri inakwenda mbio. Lakini nikipewa leo nichague kati ya inchi saba zenye niti 450 na inchi tano zenye niti elfu, nitachukua tano bila kuuliza rangi ya boksi.

Hatua ya tatu: Washa kila alama

Monita nzuri inakuja na wasaidizi. Pikingi inachora mstari wa rangi kwenye kingo za kitu kilichomo ndani ya fokasi. Zebra inaweka milia pale mwanga unapovuka kiwango ulichopanga. Rangi za uongo zinapaka picha nzima kijani, waridi, njano na nyekundu kulingana na mwanga wa kila sehemu. Viko pia vigrafu vya mwanga, gridi, mistari ya kati na kipimo cha sauti. Mwongozo wangu unashauri uviwashe vyote kwa pamoja, halafu umruhusu ndugu wa karibu akae nyuma yako.

Mimi nilifanya hivyo Manundu, Korogwe, kwenye harusi ya binti wa pili wa ukoo uleule. Nilikuwa nimesamehewa kwa sharti la punguzo. Shangazi alileta kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma ya monita.

"Mbona shela lina mistari?"

"Hiyo ni zebra, shangazi."

"Tumelipia shela jeupe."

"Ni kwenye kioo tu. Kwenye video haitaonekana."

"Na hii damu pembeni mwa uso wa mtoto?"

"Hiyo ni pikingi. Inaonyesha palipo na fokasi."

Alinyamaza. Mimi, kwa kutaka kumfurahisha, nikabonyeza kitufe cha rangi za uongo.

"Sasa bwana harusi amekuwa kijani," akasema, na akasimama kwenda kumwita kaka yake.

Wasaidizi hawa ndio sababu ya kununua monita, lakini waajiri mmojammoja. Pikingi ingekuwepo kule Chanika, ningeona mapema kwamba mistari myekundu inacheza juu ya majani ya mwembe na si juu ya kope za bibi harusi. Zebra nayo ina somo lake. Vitabu vingi vya zamani vilifundisha kuiweka asilimia 70 kwa ajili ya uso, na uso waliokuwa wakiufikiria ulikuwa mweupe. Nyuso zetu nyingi hukaa vizuri chini ya hapo, mara nyingi kati ya 40 na 60. Ukimlazimisha mtu wa Handeni afike 70, umempaka poda bila ridhaa yake, na shela lililo karibu yake limeshaungua likawa karatasi tupu. Weka zebra karibu na 95, ilinde shela, kisha uso uuongezee mwanga kwa kioo cha kurudisha nuru au hata kwa shuka jeupe.

Kuna mtego mmoja zaidi. Monita nyingi zinaweza kupakiwa LUT, yaani mapishi ya rangi yanayoifanya picha iliyofifia ionekane imeiva. Inaiva kwenye kioo tu. Kamera inaendelea kurekodi ile iliyofifia. Mteja akiisifu rangi aliyoiona kwenye monita, usitabasamu sana, maana umeshaahidi kazi ya usiku mzima mbele ya kompyuta.

Hatua ya nne: Nunua betri kwa namba

Monita nyingi za daraja letu zinatumia betri za umbo la Sony NP-F, zenye volti 7.2. Kwa ukubwa ziko tatu: F550 nyembamba, F750 ya kati na F970 nene kama tofali la sabuni. Kwenye duka moja nililetewa F550 iliyoandikwa mAh 6,000, yaani kiasi cha chaji inachobeba, bei chee. Nilichukua mbili. Zilizima zote kabla mchungaji hajafika kwenye "je, yupo mwenye pingamizi".

Hesabu yake ni fupi, na ningeifanya kabla ya kulipa leo nisingekuwa mwandishi wa mwongozo. Ndani ya F550 kuna seli mbili zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Zikifungwa hivyo volti zinajumlishwa, mAh zinabaki za seli moja. Seli nzuri kabisa za umbo hilo zinafika karibu mAh 3,500, na za kawaida zipo chini ya hapo. Kwa hiyo F550 ya mAh 6,000 ni hadithi ya sungura na fisi. Ya kweli yenye mAh 2,200 inatoa kama wati-saa 16. Monita ya inchi 5 ikila wati 8, umepata saa mbili.

F970 ina seli sita. Ya kweli ya mAh 6,600 inatoa kama wati-saa 47, ambazo ni saa tano na ushee. Kila seli ina uzito wa gramu 45 hivi, na seli sita ni zaidi ya robo kilo hata kabla ya kuhesabu ganda. Kipimo chako kipo buchani. Mwombe muuza nyama akuwekee betri mzanini. Isipofika robo, ndani kuna nafasi ya kupangisha.

Mapumziko: Panda Vugiri

Kabla ya kuendelea, tupande milimani kidogo. Kutoka Korogwe ukiacha mkonge na joto lake, ukapanda Usambara, unafika Vugiri. Wapiga video wengi wa mjini Korogwe hawajui kwamba palikuwa na kambi ya filamu tangu mwaka 1935, wakati Korogwe gari moshi la Tanga lilikuwa bado ndiyo habari ya mjini.

Ule ulikuwa mradi wa sinema za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya New York, usimamizi ulikuwa wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na wakubwa wake walikuwa Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Notcutt alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na huko ndiko lilikomjia wazo kwamba sinema ingeweza kuwafanya vibarua watulie. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35, kuhusu kodi, minyoo ya safura, kilimo, benki ya akiba ya posta na mengine ambayo serikali ya kikoloni ilitaka Mwafrika ayajue. Lori lilizibeba kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Nawataja kwa sababu nao walikuwa wakitafuta bei nafuu. Badala ya filamu pana ya milimita 35 walichukua ya milimita 16. Badala ya sauti iliyochapwa pembeni mwa filamu, waliitia kwenye sahani za gramafoni zilizochezwa sambamba na picha, na hapo lugha ikawa rahisi kubadilishwa kutoka mkoa hadi mkoa. Monita hawakuwa nayo. Mpiga picha alichungulia kwenye kitundu, akabonyeza, akaomba. Filamu ya milimita 16 yenye urefu wa futi 100, ikienda kwa picha 24 kwa sekunde, haifiki dakika tatu. Kama fokasi ilikuwa mwembeni, angelijua hilo siku ya kuisafisha, mwigizaji ameshavuliwa kofia na amerudi shambani kwake.

Jicho la pili lilichelewa hata huko kwa wenyewe. Mwaka 1960 mchekeshaji wa Marekani, Jerry Lewis, aliongoza The Bellboy huku yeye mwenyewe ndiye mwigizaji mkuu, na ili ajione akafunga kamera ya televisheni sambamba na kamera ya filamu. Kwa hiyo ukiwasha kimonita chako cha inchi tano stendi ya Korogwe, una kitu ambacho Meja Notcutt hakuwa nacho pamoja na fedha zote za New York. Ukishakuwa nacho, picha yenye ukungu ni yako.

Hatua ya tano: Fedha ikiisha, punguza kwenye waya

Baada ya monita na betri, mfuko umekuwa mwepesi. Duka linakupa waya wa HDMI wa bure. Chukua. Ni wa mita moja na nusu, umetengenezwa kuunganisha king'amuzi na televisheni, mgumu kama kamba ya katani. Utauzungusha kwenye kamera mara tatu, na kila ukigeuka utanasa kwenye kifungo cha shati la bwana harusi.

Kwanza, hata hivyo, jua tundu la kamera yako. Kamera kama Panasonic GH5 ina tundu kubwa la kawaida, Canon nyingi za familia ya 5D zina la kati, na Sony a7 III ina lile dogo kabisa. Hilo dogo ndilo mtoto njiti wa ukoo. Waya mgumu ukivutwa pembeni, tundu linalegea, picha inaanza kukatika na kurudi, na fundi atakuambia limeungwa moja kwa moja kwenye bodi kuu ya kamera. Ulichookoa kwenye waya unakilipa kwa fundi mara kumi.

Dawa yake ni waya laini wa sentimita 30 hadi 50, wenye kichwa kinachofanana na tundu lako bila kiunganishi cha katikati, na kibanio kinachoushika kwenye mwili wa kamera ili ukivutwa uvutwe mwili. Nunua miwili. Wa kwanza utakatika siku ya harusi, kwa sababu nyaya zinajua tarehe.

Ukiwa na kamera ya zamani, ijaribu kwanza. Canon 5D Mark II, kwa mfano, ukibonyeza kurekodi inashusha picha ya HDMI hadi mistari 480. Kioo chako cha nukta 1920 kitaonyesha uji.

Hatua ya sita: Azima mkono, cheka kaniki

Monita inahitaji mkono wa kuishika, chuma kifupi chenye viungo kinachofungwa kwa skrubu ya robo inchi, ileile ya traipodi. Waswahili wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hawakutaja mkono wa monita, kwa hiyo azima. Mwenye nao atakupigia simu auchukue saa tisa alasiri, na wewe utamaliza sherehe monita imefungwa kwa raba ya baiskeli.

Ukinunua wako, chukua mfupi wa inchi 7 badala ya 11, maana mrefu hutikisika. Bora zaidi, funga kamera ndani ya fremu ya chuma na mkono uingie kwenye fremu. Kile kijireli cha flashi kitapumzika na kukushukuru.

Kofia ya jua ya dukani ni ndogo na bei yake inaumiza. Yangu ilitengenezwa na fundi cherehani wa sokoni: jalada gumu la kauntabuku, kipande cha kaniki, velkro iliyong'olewa kwenye kiatu cha mtoto. Wenzangu walicheka hadi jua lilipofika utosini, kisha wakaja mmojammoja kuchungulia kwangu. Waliosema macho hayana pazia hawakuwahi kupiga video Mkata mwezi wa pili. Nilikataa kuwakodishia, nilikuwa bado na machungu ya mkono wa kuazima.

Hatua ya saba: Lipa kwanza, jaribu nyumbani

Monita hutaikuta Handeni, na Korogwe utabahatisha. Itatoka Kariakoo, au China kwa wasafirishaji wa mizigo, au kwa mtu anayeuza yake mwenyewe kwa sababu anayoieleza kwa maneno mengi kupita kiasi. Njia ya mkato ni kutuma fedha kwa simu, mzigo ukapandishwa basi la Arusha na kushushiwa Korogwe. Ukifuata mwongozo huu hutauliza swali. Mzigo utakuja chini ya gunia la mahindi, na doti nyekundu isiyozimika itakuwa katikati ya kioo, hivyo kila mtu utakayempiga atakuwa na chunusi.

Mwenye nauli aende mwenyewe, abebe kamera yake, betri yake na waya wake. Awashe picha nyeusi tupu, kisha nyeupe, kisha nyekundu, atafute doti zilizokufa. Atikise waya taratibu aone kama picha inakatika. Atazame kioo kwa ubavu, kwa sababu kioo kibaya hubadilika rangi ukikaa pembeni, na shangazi siku zote hukaa pembeni. Halafu, na hili ndilo kubwa, aombe kutoka nje ya duka na kukiwasha juani. Muuzaji akikataa kukitoa nje, ameshakujibu kuhusu niti.

Hatua ya nane: Dharau simu yako

Kuna kifaa kidogo cha kunasa HDMI, kinachoingia kwenye simu ya Android kwa tundu la chaji. Kamera unaichomeka upande mmoja, simu upande wa pili, unafungua programu, na simu inakuwa monita. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya monita, ndiyo maana mtu mwenye hadhi hawezi kukikubali.

Kina dosari za kweli. Picha inachelewa kidogo nyuma ya tukio, kwa hiyo kumfuata mcheza ngoma nacho ni kazi. Simu inapata moto. Halafu iweke kwenye hali ya ndege. Mimi sikuweka, na wakati wa viapo kioo kizima kiliandika "Shangazi anapiga", naye alikuwa amekaa mita tano kutoka nilipo, akitaka kunijulisha kwamba nimeziba njia. Lakini kwa mahojiano, kwa mtu aliyekaa, kwa filamu fupi ya vijana wa shule, simu hiyo inatosha kabisa. Wengi walionunua monita kwa mkopo wangeanzia hapa.

Hukumu

Sasa niweke kejeli pembeni, maana kuna watu watafuata hatua zote nane neno kwa neno.

Kilichoniangusha katika kununua hakikuwa kioo. Waya ndio ulioharibu tundu, betri ndiyo iliyozima kanisani, kijireli ndicho kilichoinamisha picha, na jua lilinishinda kwa kukosa kaniki. Kwa hiyo bajeti igawe hivi: kama nusu iende kwenye kioo cha inchi 5 chenye mwanga wa kutosha, nusu nyingine iende kwenye vitu vidogo visivyosifiwa na mtu, yaani betri mbili za kweli, nyaya mbili laini, mkono mfupi na kofia ya jua. Fedha isipotosha, anza na simu, kifaa cha kunasa na kaniki.

Chochote kikibaki, nunua diski ya pili ya kuhifadhia kazi. Kati ya filamu zile 35 hivi za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni tatu tu. Harusi ya mtu nayo ni hiyohiyo moja, na memori kadi ni ndogo kuliko kucha.

Na ukialikwa Handeni kupiga harusi saa saba mchana, kabla hujawasha chochote, msogeze bibi harusi chini ya mwembe na wewe uingie naye kivulini. Hapo hata kioo cha inchi tatu kinaonekana.